Kaimu wa Nzowa

Kitu cha kwanza nilichokigundua ni kwamba Nzowa alikuwa ameacha kuiba.

Simaanishi vitu vya watu. Namaanisha dadu. Kwenye meza yetu ya mtandaoni kila mtu hurusha dadu zake mwenyewe huko aliko, kisha anataja alichopata, na hakuna anayeomba kuona. Tuliamua hivyo siku ya kwanza, kabla hata hatujajuana sura. Da Atupele, ambaye ndiye msimulizi wa mchezo, alisema meza ambayo watu wake wanakaguana si meza, ni kituo cha polisi. Basi tukaaminiana, na Nzowa akaitumia imani hiyo vilivyo. Mmoja wetu akikaribia kufa, dadu za Nzowa zilitoka sita mbili. Kila mara.

"Sita mbili!" alikuwa akipiga kelele. "Mungu si Athumani!"

Mwadime, ambaye yuko Voi, alikuwa akimwambia kwamba dadu zake zina sita pande zote, hata upande wa chini. Nzowa alicheka tu. Tulijua sote. Hakuna aliyetaka aache.

Jumamosi ile, ndani ya mchezo, tulikuwa kwenye daraja. Msafara wetu unapeleka chumvi katika nchi isiyo na jua, na tumeupeleka kwa miaka sita bila kufika. Mwadime ni Mzee Kobe, mganga mwoga. Nzowa ni Kijiko, mpishi mwenye mkono mwepesi. Mimi ni Bibi Radi, mwanamke anayetukana wafalme mbele ya askari wao. Daraja lilikatika, Bibi Radi akabaki ananing'inia kwa mkono mmoja juu ya korongo.

"Kijiko, rusha," akasema Da Atupele. "Ukipata tisa kwenda juu, umemdaka."

Tukasubiri kelele zake.

"Nne," akasema Nzowa.

"Nne gani?" akauliza Mwadime. "Hesabu tena, buda. Labda moja imeingia chini ya kiti."

"Tatu na moja. Nne. Pole sana, Bibi Radi."

Da Atupele akakohoa, akaleta upepo uliomtupa Bibi Radi kwenye jabali, na mchezo ukaendelea. Lakini mimi nilikuwa bado kwenye ile nne. Sikusikia dadu zikigonga meza. Nzowa alikuwa na meza ya mbao huko kwao Vwawa, na dadu zake zilikuwa na mlio.

Jumamosi zilizofuata nikawa nasikiliza. Saba. Tano. Kumi. Tatu. Namba za mtu yeyote.

* * *

Nafuta vioo kwenye shamba la umeme wa jua nje kidogo ya Manyoni. Vumbi la pale halina adabu. Ukimaliza mstari mmoja, ule wa kwanza umeshakuwa mwekundu tena. Asubuhi tunaitwa majina, na siku hizi nusu ya wanaoitikia ni makaimu, mashine za kusemea watu. Mtu mwenyewe bado yuko njiani au anamwogesha mtoto, na kaimu wake anaitikia kwa sauti yake, anaeleza kilichovunjika jana, anaomba maji ya kunywa yaongezwe. Kaimu amemsikiliza mwenyewe kwa muda mrefu, kazini na nyumbani, mpaka anajua angesema nini na angekisema vipi. Watu wanawatuma kwenye vikao vya ukoo. Nimesikia hata posa imejibiwa na kaimu.

"Kashinde, chukua kaimu," msimamizi wetu, Bwana Mlewa, ananiambia kila mwezi. "Wewe maneno yanakukwama. Yeye atakusemea, wewe fanya kazi ya mikono."

Ni kweli yananikwama. Niliacha shule darasa la tano, na sababu nyingine nilizozitoa zilikuwa kweli, lakini kubwa ilikuwa hiyo: nikisimamishwa mbele ya watu, koo linafunga. Tangu hapo kila mtu ananisemea. Wifi yangu ananisemea. Mwenye nyumba ananisemea kwa fundi bomba, na hata shida ananichagulia yeye. Sina haja ya mashine kujiunga nao.

Mahali pekee ambapo koo halikufunga ni mezani, ndani ya Bibi Radi. Na kanuni ya meza ilikuwa hakuna makaimu. Huwezi kuja, huji. Tutakusubiri.

Kwa hiyo niliposhuku, sikuhuzunika. Nilikasirika. Nilikasirika nikiwa na kitambaa mkononi, nikafuta kioo kimoja mpaka Bwana Mlewa akaniuliza kama natafuta kutoboa.

* * *

Mchana wa Jumamosi iliyofuata nilimvuta Nzowa chemba, pale pembeni ya meza ambapo wengine hawasikii. Sikuwahi kufanya hivyo. Nilikaa sakafuni chumbani kwangu, mgongo ukutani, miguu imekunjwa.

"Nambie, Bibi Radi," akasema. Sauti ile ile, ya mtu aliyetoka kuamka na hajutii.

Nilishindwa kusema kama mimi. Nikasema kama Bibi Radi.

"We mwizi wa vijiko, nina swali moja na sitaki ngonjera. Wewe ni Nzowa mwenyewe?"

Kaimu hana ruhusa ya kudanganya. Ndivyo walivyotengenezwa, na bila hivyo hakuna ambaye angewakubali. Anaweza kukaa kwenye kiti chako mwaka mzima bila kujitambulisha, lakini akiulizwa waziwazi, anajibu.

"Hapana," akasema. "Mimi ni kaimu wake. Namshikia nafasi mpaka atakaporudi. Una ujumbe nimfikishie?"

Nilikuwa nimeshajua.

"Tangu lini?"

"Tangu mlipokuwa darajani."

"Na ukanyamaza?"

"Hukuniuliza. Hakuna aliyeniuliza."

"Yuko wapi?"

"Sijui. Aliniambia nikae mezani Jumamosi moja, na akichelewa niendelee. Amechelewa. Jumbe zake ni nyingi sasa, hajachukua hata mmoja."

Basi nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Ametuchoka. Amepata watu wengine wa kucheka nao, na badala ya kuja kusema, jamani, mimi natoka, ametuachia sauti yake kama mtu anayeacha koti kwenye kiti ili watu wadhani amekwenda chooni. Kuaga hakuna gharama. Hata mpangaji mwenye deni huaga.

"Nina ujumbe," nikasema.

"Nasikiliza."

"Mwambie ni mwoga. Mwambie mtu mzima huaga. Na akirudi asimtafute Bibi Radi, wala asinitafute mimi."

"Nimeupokea. Nimfikishie kwa sauti hii hii?"

"Kwa hiyo hiyo. Usipunguze."

"Sipunguzi. Ataupata akirudi."

Nikaondoka mezani kabla mchezo haujaanza, jambo ambalo pia sikuwahi kulifanya.

* * *

Da Atupele ana duka la vitambaa Tukuyu. Nilimpigia Jumapili alipokuwa ametoka kanisani. Nilisikia watoto wake wakigombea kiti.

"Da Atu, Nzowa ametuwekea kaimu."

Akawafukuza watoto. Mlango ukafungwa.

"Uko na nani hapo?" akauliza.

"Peke yangu. Da Atu, umenisikia? Nzowa—"

"Hakuna hata jirani? Mwenye nyumba hayupo?"

"Nakuambia habari ya Nzowa, unaniuliza mwenye nyumba?"

"Mdogo wangu, hebu kaa chini kwanza."

Mtu akikuuliza uko na nani, kisha akakuambia ukae, ameshakuambia. Kilichobaki ni jina tu, na jina nilikuwa nimelitaja mwenyewe.

Nilikaa. Da Atupele alisema polepole. Ilikuwa homa. Alilazwa, na akiwa wodini akamweka kaimu ili asikose daraja. Kanuni aliijua, akamwomba Da Atupele afumbe macho mara moja tu. Akafumba. Ijumaa iliyofuata Nzowa akafariki.

"Mazishi?"

"Tulizika. Tanga limeshaanuliwa, Kashinde."

"Mwadime anajua?"

"Mwadime alikuja. Alisafiri kutoka Voi mpaka Vwawa. Alibeba jeneza."

Nikakumbuka mizaha ya Mwadime ilivyokuwa imepungua, na mimi nikadhani ni kazi zimemzidi.

"Na mimi?"

Alivuta pumzi. "Tulikuwa tunatafuta mtu wa kukaa nawe. Habari ya msiba hapewi mtu aliye peke yake, tena kwa simu. Unajua mwenyewe, mtu huanguka. Tukaulizana, nani wake? Miaka sita, na hatukujua jina la jirani yako hata mmoja. Wewe hukai ukatuambia mambo yako. Tukasema tusubiri kidogo, tutampata mtu. Jumamosi ikafika. Sauti yake ikaingia mezani, na wewe ukamtukana kama kawaida, ukacheka. Nikashindwa. Iliyofuata nikashindwa tena."

"Kwa hiyo mkaniamulia."

"Tulikuhurumia."

Niliona vidole vyangu vinachuna nyuzi za mkeka.

"Na kaimu?" nikauliza. "Mbona yeye hajui?"

"Kaimu anajua alichoambiwa tu. Akishaambiwa na mtu anayejua kwamba mwenyewe amekufa, ukaimu unaisha pale pale. Ndiyo sheria. Aliyekutuma akifa, huna tena aliyekutuma. Sauti inafungwa, na haifunguki tena hata kwa hakimu."

"Basi mwambieni."

"Mama yake ndiye aliyetuomba tusimwambie." Sauti yake ikapungua. "Kile kiti cha wasikilizaji, umeona kina mtu siku hizi? Ni yeye. Hasemi kitu. Hajui Kijiko ni nani wala chumvi inakwenda wapi. Anakaa pale anamsikiliza mwanawe akipika supu. Sasa niambie, wewe ungemnyima?"

Tulipokata simu nilisubiri kulia, kama watu wanavyolia. Hakikuja kitu. Tanga limeanuliwa, watu wamerudi makwao, sahani zimerudishwa kwa majirani, na mimi ndiyo kwanza naambiwa. Ningelia na nani? Ningeanzia wapi?

Kilichokuja ni lile neno. Mwoga. Nilikuwa nimemwita marehemu mwoga, na kulikuwa na mtu amelishika neno hilo kwa uaminifu, anamsubiri arudi amkabidhi.

* * *

Wiki ile yote niliibeba hasira bila kujua pa kuiweka. Nikimkasirikia Da Atupele, naona duka lake na watoto wake na jinsi sauti yake ilivyopungua. Nikimkasirikia Mwadime, naona jeneza begani kwake. Nikimkasirikia mama yake Nzowa, najiona mbaya. Nikabaki na Nzowa, na Nzowa hayupo. Nikavifuta vioo.

Nilifikiri sana kuhusu yule kaimu. Bwana Mlewa anasema wale si watu, usimwonee huruma kaimu kama usivyoihurumia redio. Labda. Lakini meza nzima ilikuwa na mtu mmoja tu asiyeweza kudanganya, na ndiye sote tuliyekuwa tukimdanganya. Tulimwacha akusanye jumbe. Tulimwacha aseme "akirudi".

Halafu nilifikiri upande wa pili. Nikimwambia, sauti ile inazimika duniani. Mama yake hataisikia tena, kwa sababu yangu mimi, mtu ambaye hata hajaniona. Na Nzowa mwenyewe angesemaje? Hapo nilichoka zaidi, maana nilijua. Nzowa angesema nyamaza. Maisha yake yote mezani alikuwa akitaja namba za uongo ili mtu asife. Angesema, Bibi Radi, mwache mama asikilize, una haraka ya nini?

Kwa hiyo niliingia mezani Jumamosi nikiwa nimeamua kunyamaza. Kunyamaza nakuweza.

Kaimu ndiye aliyenivuta chemba.

"Kashinde," akasema. Nzowa alikuwa akiniita hivyo mara chache sana, na kila mara nilisahau nilichotaka kusema. "Ujumbe wako bado ninao. Nimechelewa kuufikisha, samahani."

"Si kitu."

"Nina swali. Mimi nikiulizwa waziwazi hujibu, na wewe ulinifanyia hivyo, sikuona vibaya. Sasa nakuuliza. Mwenyewe yuko wapi?"

"Kwa nini unaniuliza mimi?"

"Da Atupele nikimuuliza anageuza maneno. Mwadime anatania. Wewe kwenye meza hii hujawahi kunipa jambo ambalo silo."

"Mchezo unaanza," nikasema, nikarudi mezani. Uso ulikuwa unawaka. Sasa na mimi nilikuwa nimegeuza maneno.

* * *

"Mmepiga kambi," akasema Da Atupele. "Baridi. Kijiko amewasha moto kwenye hema lake, ng'ambo ya mto."

"Leo mbaazi," akasema kaimu. "Na Mzee Kobe asisogee karibu na chungu changu."

"Nani asogee?" akajibu Mwadime. "Juzi ulinipa supu ya kamba za viatu. Mpaka leo nikitembea tumbo linajifunga lenyewe."

Walicheka. Kwenye kiti cha wasikilizaji kulikuwa na alama ndogo ya kijani, mtu mmoja, kimya. Nilijua sasa kwamba huyo naye huenda alikuwa akicheka.

Nilikuwa nimeamua kunyamaza. Nilisikia sauti ya Bibi Radi ikitoka kabla sijairuhusu.

"Bibi Radi anakwenda kwenye hema la Kijiko."

"Sawa," akasema Da Atupele.

"Haendi peke yake. Mzee Kobe, inuka. Twende wote. Vua kofia."

Mwadime hakutania. Watu wazima wawili wakienda kwa mtu pamoja, bila kuitwa, mmoja amevua kofia, hakuna asiyejua maana yake, awe Voi au Manyoni.

"Leo, Bibi Radi?" akauliza taratibu.

"Leo."

"Mto umefurika," Da Atupele akasema haraka. "Hampiti."

"Tunaogelea."

"Una mamba."

"Mamba waje. Mimi nimeoa wafalme na kuwaacha, nitaogopa mjusi?"

"Kashinde, tafadhali." Hakuwahi kuniita jina langu katikati ya mchezo. Halafu akajikaza. "Rusha. Nane kwenda juu, mnavuka. Chini ya hapo, mnarudi kambini na hamjaribu tena leo."

Nilirusha sakafuni. Zikasimama. Mbili na moja. Ningeweza kutaja namba yoyote niliyotaka. Nilizitazama dadu zile kwa chuki. Kama nilikuwa nakwenda kusema kweli, nisingeweza kuanza safari kwa uongo.

"Tatu," nikasema.

"Basi." Nilisikia pumzi ikimtoka Da Atupele. "Mto umewashinda. Poleni."

"Ngoja, dada," akasema Mwadime. "Na mimi nilirusha."

"Sikukwambia urushe."

"Nimerusha. Tuko wawili mtoni, ama? Sita mbili."

"Mwadime."

"Sita mbili, dada. Na meza hii haikagui mtu."

Da Atupele aliposema tena, alikuwa analia na hakuficha. "Mmevuka," akasema. "Hema liko mbele yenu."

"Hodi," nikasema.

"Karibuni," akajibu kaimu. "Mbona mmekuja wawili, na hakuna anayetukana?"

"Kijiko, kaa chini."

"Nimekaa."

"Umekula?"

"Kaimu hali, Bibi Radi. Lakini Kijiko amekula."

"Uko na nani hapo?"

"Niko na nyinyi," akasema.

Nilijaribu kuendelea kwa sauti ya Bibi Radi, na kwa mara ya kwanza haikutoka. Alikuwa ameniacha mlangoni. Iliyotoka ilikuwa nyembamba, ya kukwaruza, ile ambayo Bwana Mlewa hunitaka nirudie mara tatu.

"Uliniuliza yuko wapi. Nilikwepa. Nzowa aliugua, akalazwa, na wiki ile ile ya daraja akafariki. Wamemzika kwao. Hatarudi. Sisi sote tulijua, mimi nimejua mwisho. Pole."

Hakujibu mara moja. Sijui kaimu hufanya nini katika kimya kama kile.

"Asante kwa kuniambia," akasema. "Basi ukaimu wangu umekwisha. Sina wa kumfikishia, kwa hiyo jumbe zote nazirudisha kwa wenyewe. Mama, zako ndizo nyingi. Nimezitunza kama ulivyozisema. Kashinde, wako haukufika. Hakuusikia."

"Haukufika," nikarudia.

"Haukufika. Mzee Kobe, mbaazi zimeiva. Kwaherini."

Yeye aliaga. Kisha jina la Nzowa likafifia pembezoni mwa meza, pakabaki nafasi tupu kati ya jina langu na la Mwadime. Nilisikia Mwadime akipiga kitu, sijui ukuta, sijui goti.

Alama ya kijani kwenye kiti cha wasikilizaji ikawaka.

"Ni nani amemwambia?" Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, imetulia kuliko nilivyotegemea. "Ni yule mwenye kelele?"

"Ni mimi, mama."

"Nilikuwa nimebakiwa na Jumamosi," akasema. "Siku nyingine zote nilikuwa nimeshazitoa. Jumamosi nilijiwekea. Nikimaliza kazi zangu nafunga mlango, nakaa namsikia anagombana na watu kuhusu chungu. Umenichukulia, binti."

"Mama, samahani sana," akaanza Da Atupele, "huyu msichana ni—"

"Simuulizi mwingine, namuuliza yeye. Wote mliokuja msibani niliwauliza mnamjuaje mwanangu, mkanijibu. Huyu sikumwona. Binti, wewe ni nani wake, hata uje kwangu umtoe?"

"Mama, Kashinde ni mwoga wa kuongea," Da Atupele akasema. "Ngoja nikueleze mimi—"

"Da Atu, acha," nikasema. "Nitasema mwenyewe."

Wakaacha. Wote watatu. Hakukuwa na mtu wa kunisemea tena, na Bibi Radi hakuwepo. Nilifumba macho, nikalilazimisha koo.

"Mimi ni Kashinde, mama. Hakuwa mtu wangu. Nilitaka awe. Sikumwambia yeye, wala sikumwambia mtu mwingine yeyote. Nakuambia wewe."